Minyororo ya Theluji kwenye Tope la Kamsamba

Saa tatu kasoro robo asubuhi, Ketrina Namwinga amepiga magoti kwenye tope. Shavu limegusa tairi la nyuma, na mkono wa kushoto umezama chini ya gari hadi begani. Anapapasa ndoano ya mnyororo asiyoiona. Akiipata anaivuta, anaipachika, anaigonga kwa nyundo mara mbili, kisha anahamia tairi la pili bila kujipangusa.

Mbele yake barabara inaisha. Angalau ndivyo inavyoonekana ukiwa hapa juu: inafika ukingoni, inainama ghafla na kutumbukia kuelekea bonde la Kamsamba. Mvua imenyesha usiku kucha. Udongo unang'aa kama sufuria iliyopakwa mafuta.

Madereva wanauita mteremko huu Toba. Hakuna kibao kinachosema hivyo, wala hakihitajiki.

Gari la Ketrina ni kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo chenye pua fupi. Kina gia za mkono, na injini yake inasukuma magurudumu ya nyuma peke yake; ya mbele yanafuata usukani tu, hayana nguvu yoyote. Kwenye lami hilo halimsumbui mtu. Kwenye utelezi, mkia wa gari la namna hii huwa na akili zake.

Kwenye bodi, chini ya turubai, kuna makasha sita ya vifaranga waliototolewa jana. Ni mia moja kwa kila kasha. Nyuma kabisa vimepangwa viroba sita vya mchanga.

"Sasa mama kirikuu," anapaza sauti Brayan, kiongozi wa wanaume wanaoshinda hapa wakisubiri magari ya kusukuma. "Gari dogo, njia mbovu, halafu umebeba mchanga! Kwani Kamsamba wameishiwa mchanga?"

Wenzake wanaangua kicheko. Ketrina hachekeshwi. Anasikiliza makasha.

"Wanalia njaa hao," anasema mmoja wao.

"Hawalii, wanaongea," anajibu Ketrina. "Wakinyamaza ndiyo uogope."

Ana sababu ya kusema hivyo. Mwezi wa tatu mwaka jana, kwenye mteremko huuhuu na kigari hikihiki, vifaranga walinyamaza.

* * *

Ketrina ana miaka thelathini na tisa. Alizaliwa Ndalambo, kwenye familia ya wakulima wa mahindi, na udereva aliufuata Tunduma baada ya kuuza nguo za mitumba kwa miaka sita. Alianza na kupeleka sabuni na mafuta ya kula mpakani. Baadaye mfanyabiashara aitwaye Conjesta akamkabidhi kirikuu kilichotoka Japani moja kwa moja, bado kina maandishi ya Kijapani mlangoni ambayo hadi leo hakuna aliyeyasoma.

Chini ya siti walikuta furushi la minyororo.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mmoja alisema ni ya kuvutia gari likiharibika. Mwingine alitaka kuinunua akafungie mbwa. Fundi Edson, ambaye gereji yake iko jirani na maegesho ya malori, aliigeuza mikononi, akaona umbo lake linazunguka tairi, akasema hii ni ya kung'ata tope.

Hapo alikuwa sahihi. Alipokosea ni pale alipoonyesha pa kuifunga.

"Nilimwambia afunge mbele, nilimwambia kwa kujiamini kabisa," anasema Edson, akisugua kiganja kwa tambara ambalo halina tena mahali pasafi. "Nilifikiri hivi: usukani uko mbele, unakokwenda ni mbele, basi na meno yawe mbele. Kila fundi hapa angekwambia vilevile. Ng'ombe wa plau unamfunga mbele, sivyo?"

Basi Ketrina alifunga mbele. Siku hiyo alibeba vifaranga mia nne wa kikundi cha kina mama wa Kamsamba, na kwenye siti ya kushoto alikaa mdogo wake, Jenista, aliyekuwa akienda kununua mchele.

Katikati ya Toba gari lilishika mwendo. Ketrina akakanyaga breki. Magurudumu ya mbele, yenye minyororo, yakang'ata ardhi na kusimama. Ya nyuma hayakuwa na kitu cha kung'ata. Mkia ukazunguka ukaja mbele, gari likatazama lilikotoka, kisha likalala mtaroni ubavu wa kushoto, ubavu aliokaa Jenista.

Paja la Jenista lilivunjika mara mbili. Makasha yalizama kwenye maji ya mtaro.

"Nilikuwa nimemshika mkono mdogo wangu, namwambia asilale," anasimulia Ketrina. "Huku nyuma nikawasikia wanapungua. Sauti inapungua, inapungua. Halafu kimya. Mpaka leo nikisikia kimya cha ghafla, hata kanisani, huu mguu unaruka."

Anagusa goti la kulia anaposema hivyo. Mguu wa breki.

* * *

Kwa miezi minne hakugusa usukani. Kilichomtoa nyumbani kwanza hakikuwa gari, kilikuwa aibu. Wiki mbili baada ya ajali aliomba lifti ya pikipiki hadi juu ya Toba, akashuka, na kutoka hapo akatembea kwa miguu kilomita kumi na mbili hadi Kamsamba kuwaomba radhi wenye vifaranga. Pikipiki ilikuwa tayari kumpeleka. Alishindwa kuteremka mteremko ule juu ya kitu chenye magurudumu.

Nyanzobe, mwenyekiti wa kikundi, mama wa Kisukuma ambaye familia yake ilihamia bondeni na ng'ombe zaidi ya miaka ishirini iliyopita, anaikumbuka siku hiyo.

"Tumewahi kupotezewa mali na wenye magari makubwa, wakazima simu," anasema. "Huyu alikuja na miguu yake, imevimba, akasimama jua kali akasema, 'Ni mimi niliyewaua.' Mama mmoja alitaka kumtukana. Nikamwambia, mama, mtu aliyejitukana hivyo wewe utaongeza nini?"

Aliyemfundisha upya alimpata ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kwenye duka la vipuri vilivyotumika. Mzee Luka ni Mzambia wa miaka sitini na saba aliyesomea ufundi Bulgaria ujanani. Ketrina alikwenda kuuza ile minyororo, hataki kuiona tena. Luka aliipokea, akaiinua, akacheka peke yake kama mtu aliyekutana na mwanafunzi mwenzake wa zamani.

"Mayo, mama yangu, hii ni ya theluji," akamwambia. "Ulifunga wapi?"

"Mbele."

Mzee akaacha kucheka.

Alimweka chini kwenye kreti la soda akamweleza habari za nchi ambako barabara inageuka nyeupe na ngumu, na gari linateleza kama sabuni bafuni. Huko, anasema Luka, hakuna anayeuliza gari lako ni zuri kiasi gani. Wanauliza, nguvu yako iko wapi? Kama injini inasukuma nyuma, minyororo ni nyuma, na uzito ni nyuma, juu ya magurudumu yanayofanya kazi. Mwalimu wake mwenyewe alikuwa akibeba mchanga kwenye buti la gari majira yote ya baridi.

"Theluji na tope ni watoto wa mama mmoja," Luka anasema kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kibemba. "Vyote viwili vinamchukia mtu wa haraka. Panono panono, polepole. Kuondoka, gia ya pili, usiwashtue matairi. Kushuka, gia ya kwanza, uiache injini ikushike. Breki usiiguse. Mkia ukikimbia, ufuate kwa usukani, usibishane nao. Na klachi chini, magurudumu yapumue."

Mvua ziliporudi walifanya mazoezi kwenye uwanja wa mpira uliofurika, Jumapili saba mfululizo. Mikono ya Ketrina ilielewa upesi. Mguu wa kushoto ulielewa. Wa kulia haukuelewa. Kila mkia ulipoyumba, mguu huo uliruka kwenye breki kabla yeye hajauambia kitu.

"Nikamwuliza Mzee Luka, dawa yake nini? Akasema hana. Akasema Bulgaria hawakumfundisha hilo."

* * *

Mwezi uliopita, Conjesta alimwita dukani. Tangu arudi kwenye usukani, kirikuu kilikuwa kikifanya safari za lami tu, Tunduma hadi Vwawa na kurudi, ambako kila mwenye gari yupo. Siku nzuri Ketrina hukabidhi shilingi elfu ishirini na tano na kubaki na elfu kumi. Siku mbaya hukabidhi maneno. Fedha ya masika iko bondeni, ambako magari mengi huogopa kwenda.

"Nimekusubiri vya kutosha, Ketrina, na mimi si mtu mbaya," Conjesta anakumbuka kumwambia. "Kamsamba mara moja. Uende, urudi, gari zima. Ukishindwa, ufunguo nampa dereva mwingine, na wewe nitakutafutia kazi ya kukaa."

Kazi ya kukaa. Ketrina anayarudia maneno hayo polepole, kama mtu anayeonja chakula kilicholala.

Jioni hiyohiyo alimpigia Nyanzobe na kumuuliza kama kikundi bado kinataka vifaranga. Nyanzobe akasema wanataka, lakini atakwenda kuwachukua mwenyewe na kurudi nao, ndani ya gari, siti ya kushoto.

* * *

Ndiyo maana leo Nyanzobe yupo hapa juu ya Toba, amejifunga khanga mbili, anamtazama Ketrina akikaza ndoano ya mwisho. Vifaranga hawawezi kusubiri. Kifaranga huzaliwa na akiba ya kiini tumboni, inamtosha siku mbili, tatu akibahatika. Hawa wametumia moja.

Brayan anakaribia, safari hii bila mzaha. Ni mtu mzima, baba wa watoto watatu, na Toba anaijua kama ua la kwake.

"Dada, nakushauri kwa nia njema. Mwaga huo mchanga. Mama ashuke atembee. Gari likiwa jepesi, sisi tutalishikilia kwa kamba."

Ndiyo adabu ya barabara za wilaya hii ya Momba. Gari likianza kuteleza, abiria huruka chini bila kuambiwa, na anayebaki amekaa huitwa gunia. Watu wameyatoa magari mengi matopeni kwa adabu hiyo. Lakini kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kila anayeruka kutoka nyuma anaondoka na uzito uliokuwa ukiyabana magurudumu hayo ardhini.

"Mchanga haumwagwi," anasema Ketrina. "Tena naongeza. Nataka watu wawili, wanene, wakae nyuma kabisa juu ya viroba. Nitawalipa kama waliosukuma."

"Kukaa tu?"

"Kukaa tu. Na asiruke mtu. Gari likiyumba, likilia, likizunguka, mtu asiruke. Ukiruka umeniua."

Wanaume wanatazamana. Fedha ya kukaa haijawahi kutolewa Toba. Brayan anapanda, na mwenzake mwenye kitambi anamfuata huku akishangiliwa kwamba hatimaye kitambi kimepata ajira.

Ketrina anaingia nyuma ya usukani. Anavua kiatu cha kulia, anakiweka mlangoni. Mkono uko kwenye gia lakini hauendi popote.

"Mama Nyanzobe," anasema, macho mbele. "Nikuambie kitu kabla hatujaondoka. Nina mguu mmoja si mwaminifu."

"Upi?"

"Huu wa kulia. Ukiogopa unakanyaga breki. Nikikanyaga breki hapa, tunaishia kulekule."

Nyanzobe anauinamia mguu huo, anautazama kwa utulivu, kama anayemkagua mbuzi sokoni.

"Kushuka, huo mguu una kazi gani?"

Ketrina anafikiri. Gia ya kwanza, injini inashika yenyewe. Mafuta hayakanyagwi. Breki haikanyagwi. Klachi ni ya kushoto.

"Hauna kazi," anasema.

"Basi mtu asiye na kazi anafanya nini jikoni? Ukalie."

Na ndivyo anavyofanya. Ananyanyua paja, anaukunja mguu wa kulia, anaukalia kama mwanamke aliyeketi mkekani anachambua mchele. Mzee Luka, atakapokuja kusimuliwa, atashika kichwa kwa mikono yote miwili. "Hilo sikukufundisha mimi," atasema. "Usimwambie mtu nilikufundisha hilo."

Kirikuu kinavuka ukingo.

Mita hamsini za kwanza ni injini tu, inanguruma kwa sauti nyembamba, na minyororo inatafuna. Pua inaangalia chini kiasi kwamba kioo cha mbele kimejaa bonde. Ketrina anaongoza kwa vidole. Nyanzobe ameshika ukingo wa siti na midomo yake inatembea bila sauti.

Kwenye kona barabara imelala upande, kuelekea mtaroni. Ni mtaro uleule. Ketrina anauona kwa pembe ya jicho, na hapohapo anahisi kiuno cha gari kinalegea.

Mkia unaondoka kushoto.

Chini ya paja lake mguu unaruka. Anausikia ukijikaza, ukisukuma, unataka kutoka. Anaukalia kwa uzito wake wote. Kila kitu mwilini kinamwambia akate usukani kulia, aukimbie mtaro. Anaukata kushoto, kidogo, kuelekea huohuo mtaro, na mguu wa kushoto unazamisha klachi.

Injini inaachia. Nyuma mwenye kitambi anapiga yowe na kutaka kuruka. Brayan anamdaka mkanda wa suruali na kumbamiza juu ya mchanga. "Kaa, gunia wewe! Umelipwa ukae!"

Gari linaserereka ubavu, mita moja, mbili. Kisha minyororo inapata kitu. Mkia unarudi nyuma ya pua unakostahili kuwa, na Ketrina anaiachia klachi taratibu, unywele kwa unywele, hadi injini inashika tena.

Wanafika chini, mahali pa tambarare, na Ketrina anazima gari.

Kimya.

"Mama," anasema. "Siwasikii."

Nyanzobe ameshafungua mlango. Anafunua turubai, anaweka sikio kwenye kasha la kwanza, anainua kidole. Ketrina hashuki. Mguu aliouficha umekufa ganzi, na hata usingekufa asingeweza. Muda unapita, labda kiasi cha kuhesabu hadi kumi.

Kisha mmoja anaita. Wa pili anamjibu. Na makasha yote sita yanaanza kwa pamoja, kelele tupu, kama watoto wa shule mwalimu anapotoka darasani.

Ketrina anaweka paji la uso kwenye usukani.

"Wabeja," Nyanzobe anamshukuru dirishani. "Wabeja sana, mwanangu. Sasa utoe huo mguu, una kazi."

* * *

Kamsamba, saa tano na nusu. Joto linachoma mgongo. Kina mama wa kikundi wanahesabu vifaranga wakiwahamishia kwenye banda lenye pumba na majiko ya mkaa: mia tano tisini na sita. Wanne wamekufa njiani, na hakuna anayelaumu. Hata kwa lami wanne hufa.

Ketrina anampigia Conjesta.

"Gari zima?" inauliza sauti.

"Zima, mama."

"Basi lirudi zima. Tutaongea ukifika."

Anakata simu na kutazama juu, kule barabara inakopanda. Mawingu yamekaa kwenye ukingo wa milima, meusi kwa chini. Kurudi ni leo.

"Kushuka niliuficha mguu," anasema. "Kupanda siwezi. Kupanda ni mafuta, mafuta ni mguu wa kulia. Kule itabidi tuelewane, mimi na mguu wenyewe."

Anamimina maji kwenye tairi, anakagua ndoano moja baada ya nyingine, anarudia alizokwishakagua.

Akiulizwa anataka nini maishani, hataji nyumba wala gari lake mwenyewe. Anamtaja Jenista. Mdogo wake sasa anauza mboga Tunduma akiwa ameketi, gongo la kutembelea limeegemea meza. Ketrina hupita kila jioni, na kila jioni macho yake huteremka kwenye lile paja.

"Sijamdai mguu," Jenista anasema. "Ninachodai aache kuutazama. Akinitazama usoni tutakuwa tumemaliza."

Ketrina anataka kumleta huku, siti ya kushoto, wateremke Toba pamoja na kurudi. Alimwambia wangoje mwezi wa saba, barabara ikikauka. Jenista alikataa.

"Kiangazi kila mtu ni dereva," alimjibu. "Nichukue mvua ikinyesha. Vinginevyo niache na mchicha wangu."

Kwa hiyo zimebaki wiki sita, saba, kabla masika hayajakatika. Ketrina anazihesabu kwa vidole. Lakini kwanza kuna leo, na kuna ufunguo unaosubiri kurudi.

Anapoanza kupanga viroba vyake vya mchanga upya, Nyanzobe anamzuia. Nyuma yake wanawake wanne wanaburuta magunia ya mchele, mchele wa akiba ya kikundi, uliokuwa ukingoja gari la kuaminika kwenda sokoni Tunduma.

"Mchanga mwaga," anasema Nyanzobe. "Leo utapanda na chakula chetu. Tuuweke wapi?"

Ketrina anayatazama magunia. Ni matatu, yameshonwa mdomo kwa uzi wa buluu.

"Nyuma kabisa," anasema. "Juu ya magurudumu."

Tone la kwanza la mvua linagonga paa la kirikuu. Ketrina anapanda, anavua kiatu cha kulia, anakiweka mlangoni. Anaushusha mguu mtupu polepole juu ya pedeli ya mafuta, na kuuacha hapo.